Maji ya kunyonyolea kuku

Al Hail, Maskati
Mwezi wa nane

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila joto tu, na joto la huku si jambo la kumweleza mtu akalielewa. Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na Bi Mkubwa pembeni, tukacheka mpaka akashika mbavu. Ati nimekuwa binti sultani, nina hodhi uani na mashine ya kulipepea! Cheka, somo, lakini mwishoni umeuliza la maana: tajiri yako wa nyumba ya wageni Jambiani anataka kuagiza mashine ya kupoza maji ya bwawa, je, inafanya kazi au ni pesa za kutupa baharini? Jibu lake limenichukua misimu mitatu ya joto, kwa hiyo kaa kitako.

Bwawa hili tulilikuta. Si kubwa: mita 8 kwa 4, kina kama mita 1.4, yaani karibu lita 45,000. Tulihamia Januari, maji yana baridi ya kugonganisha meno, nikasema alhamdulillahi, wakati wa joto tumepata pa kukimbilia. Kumbe! Kufika mwezi wa sita kipimajoto kinasoma nyuzi 37. Hilo ndilo joto la mwili wako mwenyewe, somo. Unaingia majini na huhisi kuwa umeingia, unalowa tu. Ukiogelea kwenda na kurudi mara mbili, unatoka na kichwa kinakugonga. Bi Mkubwa daktari alimwambia magoti yake yanataka kutembezwa majini, na kwa ajili hiyo ndiyo nilifurahia bwawa. Akaja na dera lake, akachovya vidole vya mguu pale kwenye ngazi, akavitoa. "Haya maji ya kunyonyolea kuku," akasema. Akarudi ndani kwenye kiyoyozi, na mwaka ule hakuligusa tena.

Wala si bwawa peke yake. Matangi yetu yako juu ya paa, na mwezi wa saba bomba la maji baridi ndilo linalounguza. Tunazima hita ya bafuni, kisha tunaoga kwa bomba la maji moto, maana yale yaliyolala ndani ya hita, chini ya dari, ndiyo yaliyopoa. Mgeni akija tunamwelekeza kinyumenyume. Na tusijione tumeonewa peke yetu: Qurayyat, mji wa pwani hapo kusini-mashariki yetu, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 mchana kutwa usiku kucha. Usiku, somo!

Shemeji yako akaanza na barafu. Akaenda na pikapu, akarudi na kilo 200, mabonge kwa mabonge, watoto wakayakumbatia na kupiga mbizi nayo, raha ya robo saa. Nikapima kabla na baada: nusu nyuzi. Nikafikiri kipimajoto kimeharibika. Baadaye nilikaa na kalamu, hesabu ikaja hiyo hiyo. Lita 45,000 ni maji mengi sana, hayana habari na barafu ya pikapu moja.

Ndipo tukanunua mashine ya feni, ambayo nadhani ndiyo tajiri yako aliyoiona kwenye picha. Ni pipa la plastiki lenye feni juu. Pampu ya bwawa inapandisha maji, yanamwagika ndani yake kama mvua ya rasharasha, feni inavuta hewa katikati ya matone, na maji yanateremka yenyewe kurudi bwawani. Haina gesi wala kompresa. Ni mtungi wa bibi yako, ule wa pembeni ya mlango wa jikoni, wenye kata juu ya kifuniko. Mtungi unatoka jasho, jasho linakauka, yaliyobaki ndani yanapoa. Waomani nao wana jahla yao ya udongo, kazi ile ile. Tofauti ni kwamba mtungi wetu una swichi.

Mwezi wa tano iliniingia moyoni. Ulivuma gharbi, upepo wa kutoka jangwani, nyuzi 44 na ukavu wa kupasua midomo. Nguo unazianika, ukimaliza kamba unaanua za mwanzo. Usiku wa tatu maji yalikuwa yametoka 33 yamefika 28. Nilimpigia simu kila mtu. Nadhani hata wewe nilikupigia.

Mwezi wa saba upepo ukageukia baharini. Huo ndio wakati ambao alfajiri, baada ya sala, nafungua mlango wa uani na miwani inaziba ukungu papo hapo, nasimama kipofu nimeshika kitasa. Ukuta unatoka maji. Mashine imekesha inanguruma, naenda kutazama: 35 ya jana imekuwa 34 na nusu. Jua likichomoza linarudisha nusu yangu kabla ya saa tatu, na jioni linadai zaidi. Nikamwita fundi wa bwawa, mzee mmoja wa Kerala asiyependa maneno mengi. Hakufungua hata skrubu. Alichukua kipimajoto cha kawaida, akafunga pamba iliyoloa maji kwenye ncha yake, akakipepea kwa gazeti. Hewa ilikuwa nyuzi 34. Kipimajoto kikashuka 33, 32, 31, kikafika 30, kikagoma. Akanionyesha. "Hapa sakafu," akasema, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza.

Sijasahau neno hilo. Mashine ya feni haiwezi kuyapeleka maji chini ya namba ile ya pamba, na yenyewe haifiki. Inaishia nyuzi mbili tatu juu yake. Siku ya gharbi sakafu yetu iko kwenye 22, ndiyo maana ilitenda maajabu. Siku ya mvuke wa bahari sakafu ni 30, na hapo hata ukiweka mashine tatu utaogelea kwenye chai ya vuguvugu. Hewa imeshashiba maji, jasho la mtungi litakwenda wapi? Wewe mwenyewe unajua mtungi wakati wa masika haupoi kama wa kaskazi.

Nyongeza nyingine ambazo muuzaji hakuzisema. Kila nyuzi moja ninayoiondoa kwa njia hii, ndoo nne za lita 20 zinaruka hewani, kwa hiyo ni kujazia kila siku, na maji ya bomba huku yanatolewa chumvi ya bahari kwanza, si ya bure. Yanayoruka ni maji matupu. Chokaa inabaki, na kwenye vigae kunajichora mstari mweupe. Tena maji yanayorushwa hewani kila usiku yanapoteza uchachu, dawa ya klorini inakuwa dhaifu, na mara mbili nimeamka bwawa limeota ukijani kama kisima cha shamba. Sasa napima kila Ijumaa na kutia asidi kidogo.

Mwaka jana tukapandisha daraja, tukaweka chila. Hiyo ni kama kiyoyozi: ina gesi na kompresa, na koili ya titani ndani ili klorini isiile. Unyevunyevu wa hewa hauizuii, unaiambia 29 nayo inakupa 29. Lakini ilitutesa kabla ya kutufaa. Aliyetuwekea aliificha kwenye uchochoro kati ya ukuta wa jirani na chumba cha pampu, isiharibu sura ya ua. Kila siku saa nane mchana inazima yenyewe na kuandika hitilafu. Ametuma watu mara tatu, wamejaza gesi, wamebadilisha sijui nini, tumelipa. Mwisho shemeji yako akaenda kusimama mle uchochoroni dakika moja, akatoka shati limemganda mwilini. Chila haitengenezi baridi, inahamisha joto: inalitoa majini na kulitupa hewani. Pale hewa ilikuwa haina pa kutokea, mashine inavuta pumzi yake mwenyewe ya moto mpaka inazimia. Tukaisogeza mita nne, mahali wazi. Haijazima tena. Mita nne, somo, na mtu amekula pesa zetu miezi miwili!

Umeme inakula. Ikifanya kazi saa 12 ni kama yuniti 60 kwa siku, na tangu 2021 serikali ilipoanza kupunguza ruzuku, bili huku si mchezo tena. Tunaiwasha jioni mpaka alfajiri, wakati hewa ina nafuu kidogo. Chumvi ya bahari nayo inakula mapezi yake ya nje. Kila mwezi naiosha kwa mpira wa bustani, maji ya bomba, taratibu, bila presha. Januari tunaigeuza ipashe moto, hilo ndilo fadhila yake ambayo sikuitegemea.

Na sasa nikwambie kitu kilichonifanya nijione mjinga. Baada ya yote hayo tukatandika turubai la wavu juu ya bwawa, lile lile la kuegeshea magari, likafunika theluthi mbili. Chila iliyokuwa inanguruma saa 12 sasa inatosheka na saba au nane. Joto lote lile lilikuwa linaingia kwa juu, kwa jua, nasi tunalitoa kwa mashine kama mtu anayekomba maji ya ngalawa bila kuziba tundu. Turubai lingekuja kwanza, chila tungenunua ndogo.

Kwa hiyo mwambie tajiri wako aanze na kivuli. Nyinyi mna makuti, mna mafundi wa kuezeka, hakuna haja ya kuagiza kitu ng'ambo kwa hilo. Pampu izungushwe usiku, na mdomo wa bomba uinuliwe juu ya maji yamwagike kwa kishindo. Hiyo peke yake ni mtungi mdogo. Kisha Februari, kaskazi ikiwa imewakolea, upime kwa kipimajoto cha pamba alfajiri siku tano sita. Mimi dhana yangu ni kwamba mashine ya feni itawafaa nyinyi kuliko ilivyotufaa sisi mwezi wa saba, maana Unguja kuna jasho lakini hakuna tanuri hili. Ila ni dhana. Pamba itakwambia. Ikigoma kwenye 25, anunue. Ikigoma kwenye 28, asahau feni, atafute chila na aiweke pale upepo unapopita, si nyuma ya choo cha wafanyakazi. Namjua mtu wa hoteli anavyofikiri.

Bi Mkubwa sasa anaingia kila siku saa kumi na moja jioni. Anashika ukingo, anatembea kutoka ngazi hadi ngazi mara ishirini, dera limemvimbia kama puto, na anahesabu kwa sauti ili nisimwibie. Jana alifika kumi na tisa akasahau, akaanza upya. Anakusalimu sana, anasema ubuyu uliomletea umekwisha.

Kipimajoto nakupa mimi, shemeji yako atakuja nacho mwezi ujao pamoja na zile dawa za mama. Msinunue chochote kabla hakijafika.

Wasalimie wote nyumbani.

Somo wako