Flashi ya GB 64 Inaposoma 59

Lalamiko tunalolisikia zaidi hapa dukani Langoni, Lamu, ni hili: pakiti imeandikwa 64, kompyuta inaonyesha 59.6 au chini ya hapo kidogo. Pesa ni zako, una haki ya kuuliza.

Hakuna kilichoibwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja. Windows huhesabu baiti 1,073,741,824, yaani 1,024 mara 1,024 mara 1,024, kisha inaandika GB vilevile. Ni mchele uleule uliopimwa kwa pishi mbili zisizolingana. Ndiyo maana diski ya TB 1 (terabaiti, yaani GB 1,000 za kiwanda) husoma GB 931. Tangu 1998 kipimo hicho cha pili kina jina lake rasmi, gibibaiti, lakini Windows haijalitumia.

Wizi wenyewe uko kwenye flashi feki, na huo unatuuma sana. Ndani mna chipu ya GB 8, ila kidhibiti chake, kile kijisehemu kinachozungumza na kompyuta, kimepangwa kuiambia kompyuta kwamba ni TB 2. Inapokea faili, na majina yote unayaona. Ukishapita zile GB 8 za kweli, video mpya zinaandikwa juu ya za kwanza au zinapotea kabisa. Mpiga video anakuja kugundua siku ya kumkabidhi bibi harusi kazi yake, na harusi hairudiwi. TB 2 kwa bei ya GB 16? Iache hapo hapo.

Kuipima hakuna njia ya mkato: ijazwe yote, kisha isomwe tena. Sisi hutumia H2testw, programu ya bure ya Windows. Wanaotumia Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, wana F3. Flashi kubwa huchukua saa nyingi, kwa hiyo tuachie asubuhi, na uje nayo ikiwa tupu.

Ununue ya ukubwa gani? Video ya simu ya 1080p (HD kamili) hula takribani MB 60 hadi 130 kwa dakika, na 4K, yenye picha kali zaidi, karibu mara tatu ya hapo. Kwa harusi ya saa tatu ya 4K, chukua 128.

Na kama flashi ina nafasi tele lakini inakataa faili moja iliyozidi GB 4, imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili usiopokea faili kubwa kuliko hiyo. Tunaigeuza kuwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, ukisubiri, ila kila kilichomo hufutika, basi nakili vitu vyako kwanza.