Wabaguzi wanaoua nao wafuatwe kwa fedha na pasi zao

Mhariri,

Gazeti lako likiandika habari za ugaidi, picha naijua kabla sijafungua ukurasa: vijana wenye bunduki, nyuso zimefungwa vitambaa, bendera nyeusi. Sina ugomvi na hilo. Mimi ni mtu wa Mombasa, na tangu Agosti 1998 nchi yetu imezika watu wengi mno kwa sababu ya hao. Ila sasa naishi Göteborg, Uswidi, na mabomu yaliyotutia hofu huku hayakutegwa na Al-Shabaab. Yalitegwa na Waswidi, na wawili kati yao walikuwa wametoka mafunzoni Urusi miezi michache kabla.

Sikumbuki kukisoma kisa hicho kwa Kiswahili, kwa hiyo nakieleza. Majira ya joto ya 2016 vijana hao wawili, Wanazi mamboleo, walikwenda St. Petersburg wakapewa mafunzo ya kijeshi katika kambi iitwayo Partizan. Mwenye kambi ni kundi la Russian Imperial Movement, linalotaka Urusi irudi chini ya mfalme na linalowakaribisha wenye chuki kama zake kutoka nchi nyingine. Walirudi nyumbani kwa pasi zao halali. Novemba mwaka huo bomu likalipuka nje ya duka la vitabu na mkahawa wa watu wa mrengo wa kushoto, katikati ya jiji. Januari 2017 la pili likalipuka kwenye makazi ya wakimbizi na kumjeruhi vibaya mfanyakazi wa pale. La tatu lilitegwa mahali pengine walipokuwa wamewekwa waomba hifadhi. Mungu alisaidia halikulipuka. Washtakiwa walikuwa watatu, na aliyepata kifungo kirefu zaidi alipewa miaka 8 na nusu. Katika mashtaka yao neno ugaidi halikuwamo.

Hebu fikiria wangekuwa vijana wawili wa Majengo kwetu Mombasa waliorudi kutoka Kismayu, Somalia.

Kwa haki, Marekani ndiyo iliyochukua hatua ya maana kwanza. Tarehe 6 Aprili 2020 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliwaweka Russian Imperial Movement na viongozi wao watatu katika orodha ya magaidi wa kimataifa. Haikuwa imewahi kufanya hivyo kwa kundi la wazungu wanaoamini kwamba rangi yao ni bora kuliko za wengine, na mabomu ya hapa Göteborg yalitajwa miongoni mwa sababu. Juni 2024 likafuata Nordic Resistance Movement, kundi la Wanazi mamboleo wa nchi za kaskazini mwa Ulaya ambalo mitaani kwetu tunalijua kwa sura. Septemba 2017 walijaribu kuandamana hapa jijini wakiwa na ngao na bendera zao za kijani, siku ya Yom Kippur, siku ambayo Wayahudi wamo katika ibada. Januari 2025 likaorodheshwa genge la Terrorgram, ambalo halina kambi wala ofisi. Lina mtandao wa Telegram, linagawa maelekezo ya kuua na kulipua mitambo ya umeme, na wauaji linawaita watakatifu. Wizara ililihusisha na mauaji ya Bratislava, Slovakia, mwaka 2022, na kijana aliyechoma watu visu karibu na msikiti huko Eskişehir, Uturuki, mwaka 2024.

Yote hayo nayapongeza. Shida yangu iko kwenye orodha waliyoichagua.

Marekani ina orodha mbili. Ya kwanza hupiga tanji mali za aliyetajwa na kumkataza Mmarekani kufanya naye biashara. Ya pili ndiyo yenye meno marefu: ni ya mashirika ya kigaidi ya kigeni, ile waliyomo Al-Shabaab na Al-Qaida. Ukilisaidia kwa makusudi shirika lililomo humo, kwa fedha, mafunzo au hata kuwapa mahali pa kulala, unaweza kufungwa hadi miaka 20, na sheria hiyo inakufuata hata ukiwa nje ya Marekani. Uanachama peke yake unatosha kukunyima viza. Makundi yote matatu niliyoyataja, yalipotangazwa, yaliingizwa katika orodha ya kwanza tu.

Nimesikia wanasheria wakisema ya pili ni ngumu kuitumia, inahitaji ushahidi kwamba usalama wa Marekani umetishiwa. Sawa. Lakini Februari 2025 magenge manane ya dawa za kulevya ya Amerika ya Kilatini yaliingizwa katika orodha zote mbili kwa siku moja, na Novemba mwaka huohuo makundi manne ya Ulaya ya mrengo mkali wa kushoto nayo yakatiwa humo, ya kwanza na ya pili, ndani ya wiki moja. Simtetei muuza unga, wala mtu anayevunja watu vichwa kwa nyundo kwa sababu ya siasa zao. Nasema tu kwamba kalamu ipo na wino upo. Viongozi wawili wa Terrorgram walikamatwa Marekani kwenyewe Septemba 2024, wakashtakiwa pamoja na mambo mengine kwa kusambaza orodha ya watu wa kuuawa, wakiwamo maofisa wa serikali. Kama hilo si tishio kwa Marekani, basi sijui tishio ni lipi.

Halafu kuna neno hili “kutoka nje” ambalo Washington hulipenda. Sheria yao hairuhusu kuorodhesha kundi lililozaliwa kwao, ni la kigeni tu. Kwa hiyo Atomwaffen, kundi la Wanazi mamboleo lililoanzia Marekani, limepigwa marufuku Uingereza, Kanada na Australia, na kwao halimo katika orodha yoyote ya magaidi. The Base, kundi jingine la aina hiyo, ilianzishwa na Mmarekani ambaye baadaye aligundulika anaishi St. Petersburg, mji uleule wa kambi ya Partizan. Umoja wa Ulaya ulilitia kundi hilo katika orodha yake ya ugaidi Julai 2024, la kwanza la aina hiyo kuingia humo. Kwa Mkanada au Mwingereza, sumu inayotoka nje inatoka Marekani. Mwaka 2021 Kanada ilimworodhesha hata mtu mmoja mmoja, mzee wa Kimarekani ambaye maandishi yake ndiyo msahafu wa vijana hawa. Sijaona Washington ikilizungumzia hilo kwa sauti ileile inayotumia kwa Warusi.

Huenda msomaji akaniuliza kwa nini mtu wa Mombasa anadai sheria kali za ugaidi, wakati sisi tunajua zilivyotutenda. Swali zuri, na mimi mwenyewe linanikosesha raha. Aprili 2015, baada ya watu 148, wengi wao wanafunzi, kuuawa Garissa, serikali ya Kenya ilifunga kampuni 13 za kutuma fedha. Familia zilizokuwa zikila kwa hawala zililala njaa kwa kosa lisilo lao. Mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa, yalipigiwa tanji akaunti zao kwa madai ya kuhusika na ugaidi, hadi Mahakama Kuu hapo Mombasa ilipoamuru mwaka huohuo zifunguliwe. Na huku Ulaya na Marekani benki nyingi zimezikimbia kampuni zinazopeleka fedha Somalia. Jamaa zangu wa Kisomali hapa Göteborg wakitaka kumtumia mama mzazi karo ya mjukuu wanaulizwa maswali kama wahalifu. Wakati huohuo, vijana wawili walilipia mafunzo ya vita katika nchi ya kigeni wakarudi bila kuulizwa walikuwa wapi. Mkuki kwa nguruwe.

Kwa hiyo siombi rungu lilelile likampige mwingine bila kuangalia. Naomba jicho lilelile. Anayekwenda kambini aulizwe anaporudi, anayechangia afuatiliwe, na anayeorodheshwa apewe mahakama ya kumsikiliza, kama MUHURI walivyoipata.

Jicho lisipokuwapo hugharimu. Tarehe 15 Machi 2019 Mwaustralia mmoja aliua watu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand. Simtaji jina, kama Jacinda Ardern, waziri mkuu wa huko wakati ule, alivyokataa kumtaja. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo mtoto wa familia ya Kisomali, miaka 3. Tume ya kifalme iliyochunguza ilitoa ripoti Desemba 2020 ikaeleza kwamba mtu huyo alizunguka nchi nyingi, alituma michango kwa makundi ya mrengo mkali wa kulia Ulaya, na bunduki alizinunua kwa leseni. Ikasema pia kwamba idara za usalama zilikuwa zimeelekeza nguvu zao karibu zote kwa Waislamu. Kusema kweli yote, tume haikuona kwamba angeweza kunaswa mapema isipokuwa kwa bahati. Lakini bahati nayo humwendea anayetazama upande huo, na hakuna aliyekuwa akitazama. Mwaka 2022 kijana wa Marekani, baada ya kusoma maandishi ya huyo wa Christchurch na kuyanakili, aliwaua watu weusi 10 katika duka kubwa la Buffalo.

Nije kwetu. Orodha ya Umoja wa Mataifa ambayo Kenya na Tanzania huifanyia kazi ni ya Al-Qaida na ISIS. Kamati yake haina mamlaka ya kumwingiza Mnazi mamboleo hata akiua mia. Mwaka 2019 Kenya ilijaribu kuwaingiza Al-Shabaab humo ikakataliwa, kwa hiyo wanadiplomasia wetu wanajua mlango ule unavyobanwa. Wanachama wa Afrika katika Baraza la Usalama wangeweza kudai kamati ipanuliwe. Urusi itatumia kura ya turufu kulilinda kundi lake? Huenda. Iitumie basi, tuione. Na balozi zetu, ambazo ni hodari wa kutuandikisha wakati wa uchaguzi, zikiwa na taarifa kwamba mtaa fulani una hatari kwa watu weusi zituambie, kama balozi za wazungu zinavyowaonya watu wao wasiende Lamu.

Afrika yenyewe haiko mbali na jambo hili. Mwaka 2015 muuaji wa waumini 9 katika kanisa la Charleston, Marekani, alikuwa amepiga picha akiwa na bendera ya Rhodesia na ile ya Afrika Kusini ya makaburu kwenye koti lake. Tawala zilizokwisha kufa ndizo alizokuwa akiziota. Chris Hani, mpigania ukombozi wa Afrika Kusini ambaye malalamiko yake ya maandishi yalichangia ANC kukutana Morogoro mwaka 1969, aliuawa mwaka 1993 na mhamiaji kutoka Poland. Muuaji huyo alirudishwa kwao Desemba 2024, na wako mashabiki wa mpira huko walioshona jina lake kwenye skafu. Na kati ya viongozi watatu wa Terrorgram waliotajwa Januari 2025, mmoja ni Mbrazili, mmoja ni Mkroatia, na wa tatu ni wa Afrika Kusini.

Huyo wa tatu, Mhariri, sijamwona katika gazeti lako. Waandishi wako wakipata nafasi ya kuiuliza Pretoria, waulize mali zake zimepigwa tanji au la, na kama pasi yake bado inafanya kazi.

Msomaji wako wa Mombasa,
Göteborg, Uswidi