Tsavo si ndovu na simba peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kitu kuhusu Tsavo, manake naona tunaichukulia kama boma kubwa la ndovu na simba basi. Mtu akitoka huko ukimuuliza aliona nini utaskia ndovu wekundu, simba wamelala chini ya mti, na akikosa simba anasema pesa zake zimeenda bure. Ile mbuga imekuwepo tangu 1948, East na West ukiziweka pamoja ni zaidi ya kilomita mraba elfu 20, kweli hamna kingine humo ndani?

Mzima Springs, zile chemchemi za Tsavo West, peke yake inatosha kumtoa mtu nyumbani. Maji yale yanaanza kama mvua huko juu Chyulu, na milima ya Chyulu haina mto, ardhi yake ni majivu na mawe ya volkano, mvua ikinyesha inamezwa hapo hapo inapita chini kwa chini karibu kilomita 50 ndo inatokea Mzima ikiwa safi hadi unaona chini kabisa. Kuna kichumba kimejengwa ndani ya maji kina vioo, unashuka unakaa kimya, siku nyingi ni samaki tu lakini ukibahatika unaona kiboko anatembea pale chini na samaki wamemzunguka wanamsafisha ngozi. Usiku anakula nyasi nje, mchana anarudi kunya majini, na yale mavi ndo yanalisha wadudu na samaki, samaki nao wanaliwa na mamba na ndege. Alafu sehemu ya maji hayo hayo inaingia kwa paipu inakuja mpaka Mombasa, tunayanywa na kuyafulia na wengi wetu hatujui yanatoka wapi!

Sijataja Shetani, lile lava jeusi karibu na Chyulu, limepoa miaka mia kadhaa tu iliyopita na mpaka leo miti inahangaika kuota juu yake.

Lakini kinachoniuma zaidi ni historia. Wale simba waliokula watu pale daraja la reli likijengwa Tsavo mwaka 1898 kila mtu anawajua, walikaushwa wako makumbusho ya Chicago, na mzungu aliyewapiga risasi, Patterson, jina lake halipotei. Waliokuliwa ni vibarua wa reli, Wahindi na Waafrika, nani anawataja? Ikaja vita kuu ya kwanza ya 1914, Wajerumani wakaichukua Taveta pale mpakani wakawa wanatuma vikosi vidogo vinapenya msituni kuja kulipua reli hiyo hiyo, na nyuma ya kila jeshi kulikua na wapagazi wetu wanabeba mizigo wakifa kwa njaa na magonjwa.

Na Waata je? Hawa walikua wawindaji wa ndovu wa nchi ile kabla haijaitwa mbuga, wana upinde mkubwa ambao mtu asiyezoea hauvuti hata nusu, mshale una sumu ya mti, na ilibidi mtu amsogelee ndovu karibu sana ndo aachilie. Miaka ya hamsini serikali ya mkoloni ikawasaka kama majangili, wakafungwa, uwindaji wao ukaisha. Ndovu walihitaji kulindwa, hilo sipingi hata kidogo. Ila watu waliokua wanajua kila kisima na kila njia ya ndovu wakafutwa kwenye hadithi ya mahali pao wenyewe.

Ombi langu kwa wahusika ni hili: pale darajani na pale Mzima muweke vibao vikubwa kwa Kiswahili vinavyoeleza haya yote, vibarua na wapagazi wakiwemo. Wazee wa Waata bado wapo, Kilifi, Tana River na kwengineko, waiteni sasa wasimulie wakiwa hai na vijana wao wapewe kazi ya kutembeza wageni. Na watoto wa shule za Taita Taveta, Makueni na Mombasa waingizwe bure angalau siku moja kwa mwaka, waanzie Mzima.

Msomaji wako,
Voi