Mheshimiwa, yule mtoto wa kwenye picha amefukuzwa

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya elimu,
Lubumbashi

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Jina lako siliandiki hapa, na cheo chako kamili pia nakiacha. Utajitambua mwenyewe ukifika kwenye picha.

Ilikuwa tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Tulishona vitenge vya sare, tukakodi viti vya plastiki, nawe ukachelewa kwa muda wa saa tatu. Hatukunung'unika, wakubwa wana kazi nyingi. Ulimpakata binti wa miaka minane mwenye gauni la njano, ukamuuliza jina, ukacheka, ukasema ni jina la nyanya yako. Wapiga picha wakapiga. Halafu ukashika maikrofoni ukatuahidi kwamba hakuna mtoto wa mji huu atakayebaki nje ya kalasi kwa sababu ya mwili wake. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Yule binti ni wa dosie yangu, yaani faili za watoto ninaowafuatilia, Mheshimiwa. Namba 11.

Jumanne iliyopita amefukuzwa.

Mama yake anauza makala, yaani mkaa, huko komini ya Katuba. Alinipigia simu saa nne na nusu: "Mama, balimurudisha mutoto." Nilipofika shuleni mvua ilikuwa inanyesha, na mtoto yuko barazani, begi magotini, karatasi imebanwa kwa pini kwenye sweta lake kama bei ya nguo sokoni. Imeandikwa abaki nyumbani mpaka ipatikane kalasi ya watoto "kama yeye". Ndani wenzake walikuwa wanahesabu kwa sauti, naye huko nje anahesabu pamoja nao. Ulimi wake ni mzito, kwa hiyo alikuwa nyuma kwa namba mbili. Wao wakifika kumi, yeye yuko nane. Lakini kumi alifika.

Huyu si mtoto asiyefundishika. Mama yake alikaa na uchungu siku mbili, mtoto akazaliwa bila kulia, ubongo ukakosa hewa. Jirani wanasema ni uchawi, na hayo nimezoea kuyasikia. Miguu yake imekaza na vidole havishiki vizuri. Basi penseli yake niliizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli hadi ikanenepa, na tangu hapo anaandika. Anahitaji kiti chenye mikono, nafasi ya mbele, muda kidogo zaidi, na mtu wa kumsindikiza msalani. Hapo hakuna kitu kinachonunuliwa kwa dola Ulaya.

Simlaumu sana direktrisi, yule mama mkuu wa shule. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure Septemba 2019, dawati la watoto wawili linabeba watano, na mwalimu wake ana watoto 84 peke yake. Labda wazazi wengine walilalamika. Labda mkaguzi alipita akamtisha. Aliniambia neno moja tu: "Mama, mimi sina karatasi yoyote kutoka juu."

Karatasi zipo, Mheshimiwa, tena unazijua kuliko mimi. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Haikuandika "isipokuwa wenye miguu mibaya". Kuna sheria namba 22/003 ya 3 Mei 2022, ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Pengine bado iko njiani kutoka Kinshasa. Barabara zetu unazifahamu.

Na mimi nani? Mfuatiliaji wa watoto, niliyekuwa nalipwa na mradi. Mradi uliisha Juni. Watoto hawakuisha, wako 23, na dosie zao nazibeba kwenye mfuko wa unga ili zisilowe. Toka kwetu komini ya Kenya, hapahapa mjini, hadi buro yako naenda kwa mguu kwa sababu nauli ndiyo bukari, ugali wetu wa jioni. Kwa ajili ya dosie hizo nimeshakuja Alhamisi sita. Katibu wako ni mtu wa adabu, kila mara ananiambia uko kwenye mkutano, nirudi Alhamisi ijayo. Mume wangu ananiuliza kama nimeolewa na yeye au na Alhamisi. Mtoto wangu mwenyewe alirudishwa kwa deni la sare wiki ileile, nikawa sina hata nguvu ya kwenda kumtetea.

Sikuombi mshahara. Nilitaka kukuomba, lakini acha. Sikuombi pia shule maalumu ya ghorofa wala viti vya magurudumu vya kupigia picha. Naomba barua moja, ya ukurasa mmoja, kwa madirekta wote wa shule za serikali mjini: mtoto mwenye ulemavu asirudishwe nyumbani. Iwe na sahihi na muhuri. Nirudie: muhuri, kwa sababu barua zangu zisizo na muhuri wanazifungia karanga.

Alhamisi nitakuwa kwenye benchi la koridoni kwako, lile lenye mguu uliofungwa kamba. Nitakuja na mtoto, maana asubuhi hana pa kwenda. Karatasi na biki ninazo.

Kwa heshima,

Mama wa dosie namba 11 na wenzake 22