Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi Zetu za Sanaa na Banda la Maonyesho ya Kimataifa

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina, nayo orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu; hivyo nitabaki katika jambo lililotushughulisha kuliko yote, yaani kazi za sanaa za kusimikwa, yaani zinazojengwa kujaza nafasi ya maonyesho, zinazohusu uendelevu (kutumia mali ya dunia bila kuimaliza), ambazo tunakusudia kuziombea nafasi katika banda la maonyesho ya kimataifa.

Kabla ya kugusa vifaa, kamati ilijifunza kwa waliotangulia. Tulichunguza Terra, banda la uendelevu katika maonyesho ya kimataifa ya Expo 2020 ya Dubai, ambayo kwa sababu ya korona ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2021. Paa lake, mithili ya mwavuli mpana, limetandazwa paneli za sola, na nje imesimamishwa miti ya chuma inayogeuka kulifuata jua kama alizeti. Ndani, mgeni alipitishwa chini ya mizizi ya msitu, kisha chini ya bahari, akaoneshwa taka zinazotokana na ununuzi wetu wa kila siku. Lililonigusa zaidi ni kwamba maonyesho yalipofungwa mwezi Machi 2022 jengo lenyewe halikubomolewa, kwa kuwa lilisanifiwa tangu mwanzo liendelee kutumika.

Swali hilo la mwisho wa kazi, yaani itakwenda wapi maonyesho yakifungwa, tuliliuliza kwa kila mfano uliofuata. El Anatsui wa Ghana, aliyetunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya sanaa ya kimataifa kule Venice, Italia, mwaka 2015 kwa kazi za maisha yake yote, huunganisha maelfu ya vizibo vya chupa kwa waya wa shaba hadi vikawa kama shuka kubwa la kung'aa, ambalo hukunjwa linaposafirishwa na kutandazwa upya kila linapofika. Dickens Otieno, mzaliwa wa Migori hapa jirani, hukata mikebe ya alumini kuwa vipande vyembamba na kuvifuma kama kitambaa. Kazi zake zilikuwa katika banda la Kenya huko huko Venice mwaka 2022. Kuwepo kwake pale si jambo dogo, kwani mwaka 2015 wasanii wa nchi hii walilazimika kupinga orodha ya banda lililobeba jina la Kenya ilhali wengi wa walioteuliwa hawakuwa Wakenya, na serikali ikajitenga nalo. Na mwaka huo huo wa 2022, Nairobi iliona sanamu ya msanii Benjamin Von Wong, mfereji mkubwa wa bomba uliomwaga plastiki zilizokusanywa Kibera, mbele ya wajumbe waliokuwa wakijadili mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki.

Kazi yetu sisi ni pazia refu lililofumwa kwa magugu-maji ya ziwa letu na nyavu zilizochakaa. Magugu hayo, yaliyoletwa kutoka Amerika Kusini na kuonekana katika Ziwa Victoria tangu miaka ya mwisho ya 1980, huziba njia za mitumbwi na kuwakosesha wavuvi wa ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, siku nzima ya kazi. Sehemu kubwa ya bua lake ni maji, na hapo ndipo tulipokosea. Wakati wa mvua ndefu tuliyafunga mabua katika mifuko kabla hayajakauka, na sehemu kubwa ya kazi ya wiki kadhaa ikaota ukungu. Uamuzi ule ulikuwa wangu, nami ninawaomba radhi. Akina mama wafumaji walitufundisha upya kuyapasua mabua, kuyageuza juani kutwa na kuyahifadhi mahali panapopita hewa, hadi bua likikunjwa lisitoe unyevu wala kukatika.

Nyavu nazo zilileta mjadala. Waandalizi wa maonyesho mojawapo walitutaka tununue mpya, kwa maelezo kwamba zilizochakaa zina harufu ya samaki. Kamati ilikataa kwa kauli moja, na ninaamini ilitenda haki: kununua nailoni mpya ili kuwaeleza watu madhara ya nailoni ni kuwadanganya watazamaji, hata kama pazia lingependeza zaidi. Tuliziloweka nyavu, tukazifua na kuzianika, na nafasi ile tukaikosa.

Pazia limefungwa kwa mafundo tu, bila gundi, ili kila kitu kiweze kutenganishwa maonyesho yakiisha. Mabua yatakuwa mboji, nyavu zitasokotwa kamba, na fremu ya chuma itarudi kwa mafundi wa jua kali wa Kibuye walioichomelea. Kwa kumfuata El Anatsui, tumelipima likunjike ndani ya sanduku moja, maana mzigo mkubwa wa ndege ungekula akiba yetu na kuchoma mafuta mengi kwa ajili ya kazi inayosema tusiyachome.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo mawili yapigiwe kura leo. La kwanza ni kwamba kila mchoro wa kazi utakaoletwa kwa chama uambatane na ukurasa unaoeleza kila kifaa kimetoka wapi na kitakwenda wapi baada ya maonyesho. La pili ni kujenga kibanda cha kukaushia magugu, chenye paa na kuta zilizo wazi, kabla mvua za Machi hazijaanza. Makadirio ya gharama yamo katika karatasi mliyogawiwa mlangoni.