Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kazi tunaiweza, kinachotushinda ni yale yanayoizunguka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wafanyabiashara wenye usonji (autism),

Kama kawaida yetu taarifa hii mmetumiwa wiki moja kabla ya mkutano ili kila mtu aisome kwa muda wake, sitaisoma mbele ya watu, na mwenye swali aliandike. Kamera sio lazima. Anayetaka kukaa kimya mkutano mzima akae tu, tumemhesabu yupo.

Hesabu ni fupi. Ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, hatudaiwi na mtu, mweka hazina ameambatanisha karatasi zake na amezikagua mara 3 (mnamjua).

Sasa mwaka wenyewe. Tulianza tukiamini shida yetu sisi wafanyabiashara wenye usonji ni mtaji, ndo maana tukapanga semina za mikopo, ila tulipoomba kila mtu aandike biashara yake imekwama wapi majibu yakaja mengine kabisa. Karibu hakuna aliyesema kazi imemshinda. Anayeshona anashona, anayeandika programu anaandika, wateja wenyewe wanasifia. Kinachowamaliza ni simu inayolia bila taarifa, bei ya kuvutana, kudai hela, na kile kitendo cha kuacha jambo moja ili ushike lingine.

Bei ndo imetuumiza zaidi ya yote. Mteja anamwambia mwenzetu "nifikirie basi", na yeye anaenda nyumbani anamfikiria kweli, siku mbili, anarudi na swali nikufikirie kuhusu nini. Mwingine aliambiwa "tutawasiliana" akazuia nafasi ya ile oda wiki 3 nzima, wengine akawakatalia, kumbe ile ilikuwa hapana ya adabu. Tumecheka sana, lakini hela iliyopotea pale ni ya kweli. Na msikubali kuambiwa kosa ni letu peke yetu, mtafiti Damian Milton, ambaye naye ana usonji, alishaandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kunaenda pande mbili, yani na wao hawatusomi. Mteja angesema "punguza kiasi fulani" tungejibu kwa sekunde moja.

Kwa hiyo kamati ikatengeneza karatasi ya oda ambayo wengi mnaitumia sasa. Ina bei, nusu inalipwa kabla kazi haijaanza, tarehe ya kukabidhi, marekebisho mara 2 na ya 3 yanalipiwa, na mstari wa mwisho unasema kama hujajibu ndani ya siku 7 oda imefutika. Huo mstari wa mwisho ndo umetuokoa, maana sasa hatuhitaji kubahatisha kama mtu anataka au hataki. Anayeomba kupunguziwa unamwonyesha karatasi, inakataa yenyewe wewe umenyamaza.

Niseme na langu nisije nikaonekana nafundisha watu. Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani zilizoharibika, mashine ikiwa mbele yangu naweza kusahau kula mpaka usiku, na mwaka huu nimetengeneza mashine miezi 4 bila kutuma ankara hata moja. Sio kwamba sikuzihitaji hizo hela. Nilikuwa naiona ile kazi ya ankara, naijua, ni dakika 10, na mwili hauendi. Mtafiti Dinah Murray na wenzake waliandika mwaka 2005 kwamba akili yetu inazama kwenye kitu kimoja kwa nguvu zote, na kuitoa humo kuipeleka pengine kuna gharama, mimi hiyo nimeilipa kwa pesa taslimu. Kuna wateja wawili walishasahau kabisa kama wananidai, yani kama nawadai. Dawa niliyopata sio nidhamu, nidhamu nimejaribu tangu utotoni, ni kwamba sasa mashine haitoki mezani mpaka ankara iwe imefungwa kwenye mkono wake kwa uzi. Ankara imekuwa sehemu ya matengenezo, basi.

Sehemu za kufanyia kazi, kwa ufupi: kabla hujalipa kodi ya chumba nenda ukakae humo nyakati 3 tofauti za siku. Mwenzetu mmoja alilipia miezi 6 asubuhi palipokuwa kimya, mchana jirani akawasha jenereta. Masikio na macho kuumizwa na sauti na mwanga kumeingizwa kwenye vigezo rasmi vya utambuzi wa usonji tangu DSM-5, ule mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ya mwaka 2013, kwa hiyo ukiweka taa hafifu na kuvaa hedifoni usione ni kudeka, ni gharama ya biashara kama umeme.

Je, umwambie mteja una usonji? Hapa chama kimegawanyika na sitawapatanisha. Mimi naona mwambie unachohitaji, jina la hali yako sio lazima, "sipokei simu, niandikie, najibu ndani ya saa 24" inatosha na hata wasio na usonji wanaipenda. Katibu haafikiani nami kabisa, yeye ameandika wazi kila mahali, anasema amechoka kuvaa sura ya mtu mwingine kutwa nzima halafu jioni anazima kama simu iliyoisha chaji. Mteja mmoja alimkimbia, wengine walikuja kwa sababu hiyohiyo.

Halafu tuache kujilinganisha na Elon Musk, yule tajiri wa kampuni ya roketi. Tangu aseme kwenye televisheni mwaka 2021 kwamba ana Asperger, yani aina ya usonji, kila mtu anatutajia yeye, utadhani usonji unakuja na roketi. Mfano unaotufaa zaidi mi naona ni Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji aliyejenga biashara ya kubuni miundombinu ya kuhudumia ng'ombe, yeye hakujua kujinadi kwa maneno, alitoa michoro na picha za kazi zake akaweka mezani, watu wakanunua kazi. Ndo maana tumefanya ile siku ya kupigiana picha za kazi, na tutairudia.

Tulipofeli: mpango wa walezi wa biashara ulikufa mwezi wa pili, tulisema "wasiliana na mlezi wako ukihitaji" bila kuweka siku wala saa, sisi wenyewe tukafanya kosa tunalolalamikia. Na ile barua ya kuomba wanachama waruhusiwe kuomba mkopo kwa maandishi badala ya mahojiano ya simu, tukataja kifungu cha 27 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambacho kinataja kabisa kujiajiri na kuanzisha biashara, imejibiwa "tunalifanyia kazi". Tumeshajifunza maana yake. Barua ya pili inaenda na tarehe ya mwisho.

Uchaguzi: sigombei tena, cherehani zimejaa. Wagombea waandike ukurasa mmoja, hakuna hotuba, kura ni kwa maandishi na zimefunguliwa kuanzia leo mpaka siku ya mkutano. Mwenye jambo na mimi kabla ya hapo aniandikie. Msinipigie.

Mwenyekiti