Shukrani kwa Mzee wa Boti ya Mokowe

Ninamshukuru hadharani mzee ambaye, kwa uzembe wangu, sikumwuliza jina, tulipoketi bega kwa bega katika boti ya kutoka Mokowe kwenda Amu, yaani kisiwani Lamu, nami nimepakata mswada wa riwaya yangu ya upelelezi.

Kisa chenyewe kinatokea katika kijiji cha kubuni kando ya mikoko, miezi michache baada ya amri ya Korona ya kutotoka nje usiku kuondolewa Kenya Oktoba 2021, wakati watu wameshazoea maziko ya haraka yenye waombolezaji wachache, na muuaji anategemea mazoea hayo ili maiti isichunguzwe. Nilikuwa nimeandika kwamba maiti iliachwa kwenye ukingo wa juu kabisa wa mikoko usiku wa mwezi saba, yaani wa saba tangu mwezi kuandama, maji yakajaa yakaichukua. Mzee alichomoa kalamu mfukoni mwa kanzu, akaupigia mstari usiku huo.

"Mwezi saba ni maji mafu, hayapandi sana, mwanangu. Hayafiki huko. Ngojea bamvua, maji makubwa."

Maneno hayo yalizibomoa sura tatu, na kusema kweli yalinikera mpaka tulipofika gatini, lakini ndiyo yaliyonipatia muuaji: mvuvi hawezi kukosea hesabu ya maji, kwa hiyo aliyeiacha maiti pale akitumaini itachukuliwa ni mtu asiyeijua bahari.

Nilipogeuka kukushukuru, ulikuwa umeshashuka na kikapu chako. Shikamoo, mzee wangu, na ahsante sana. Nakala ya kwanza nimekuwekea.